Niobi ya Tonton Banza

Likasi, saa nane mchana. Umeenda Shituru kuaga wenzako.

Ngoie wangu,

Mambo ya sabuni, dawa ya malaria na kufuli la chumba cha kupanga nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Iko mfuko wa pembeni wa sanduku lako, pamoja na kamba ya kuanikia nguo. Usiyatafute humu. Humu mna jambo moja tu, na tangu jana limekwisha kuniharibia karatasi tatu. Wewe uliyezoea kunicheka kwamba naandika kama karani wa misheni, tazama mwandiko wa leo, utacheka vizuri.

Nilitaka nikuambie kwa mdomo. Asubuhi ulipokuwa unapiga pasi nilisimama mlangoni nikaita, "Ngoie," nawe ukasema bila kugeuka, "Mama, usianze kulia. Ni Lubumbashi tu, haiko Ulaya." Nikakuambia uangalie usiunguze kola. Basi, nikaondoka. Mdomo wangu unajua kugomba, avenue nzima ni mashahidi, lakini kusema hili umekataa.

Nianzie jana mezani, maana mimi nilianzia hapo. Mpaka jana saa saba mchana nilikuwa mtu mwingine.

Nkambo, mama yangu, alikuwa amekwisha kukupaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso na kukuomba usimwambie padri. Tulikuwa tunakula bukari na samaki wa ziwa la Tshangalele. Ukaleta kile kitabu cha jiolojia alichokuazima mwalimu wako, ukakifungua kando ya sahani, nami nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nikugombeze kwa ajili ya mchuzi. Ukaniwahi.

"Mama, nkambo, musikilize! Nilisoma chapitre yote ya niobi. Tonton Banza alikuwa muntu wa ajabu, minye nawaambia."

Ukatueleza kwa mikono, kama kawaida yako. Kwamba niobi, metali ile aliyoitafuta ndugu yangu Banza, haikai peke yake ardhini, hukaa imefungamana na oksijeni ndani ya mawe mazito, na mawe hayo yana makazi yake. Ukasema mengine hukaa katika mishipa ya matale, yale mawe magumu yenye chembe kubwa, inayojipenyeza ndani ya mawe ya moto, pamoja na bati, kama kule kaskazini. Mengine hukaa katika mawe ya ajabu ambayo ni kama chokaa iliyoyeyuka ikapanda kutoka chini kabisa, kama kule Kivu. "Lakini huku kwetu," ukasema, "toka Likasi mpaka ku ziwa, ni mawe yenye maji ya zamani ilitandika, dolomite na udongo wa kuganda. Shaba, ndiyo. Kobalti, ndiyo. Niobi haina nyumba huku."

Nkambo akauliza, "Sasa ya Banza ilitoka wapi?"

"Njo ile, nkambo! Alipata kintu yenye hakuna muntu alishaka kuona. Banaweza hata kuipatia jina yake."

Nkambo akacheka kwa furaha, meno yake yote sita yakaonekana. Nawe ukageuza ukurasa ukatusomea habari ya lueshite. Ulisoma kwamba ni oksidi ya niobi na sodiamu, jiwe adimu lililojulikana kwa mara ya kwanza Lueshe, huko Kivu, nchini mwetu, likapewa jina la mahali pale. Kwamba hupatikana pale ambapo ile chokaa ya kutoka chini imegusana na mawe ya jirani, ndani ya magamba laini ya mica. Kwamba ni jeusi, na vipande vyake vina pande sawasawa. Kisha ukatuonyesha picha.

Mwanangu, tonge lilinitoka mkononi. Vipande vile, vyeusi, vidogo, kama sukari ya donge iliyoungua, nimevishika. Nilivisaga kwa mikono hii, katika kinu cha labo, asubuhi ya siku ileile niliyomsagia Banza mchanga wake.

Uliniuliza, "Mama, uko na nini?" Nikasema mwiba. Nkambo akanipa donge kavu la bukari nilimeze ili mwiba ushuke, nikalimeza, na nyinyi wawili mkanitazama kwa huruma. Ndipo ukasema lile la mwisho. Kwamba likizo ya Noeli utarudi kutoka chuo kikuu, kwamba vijana wa ziwani wamefungua tena shimo la tonton kutokea pembeni, kwamba umekwisha kuzungumza nao habari ya kamba, na kwamba utashuka mwenyewe kuchukua sampuli ili umpelekee profesa. "Minye mwenyewe, nkambo. Nitamalizia kazi ya tonton." Nkambo akapiga makofi. Na mimi, mama yako, nilikaa pale na mwiba wangu wa uongo kooni.

Sasa ngoja nikueleze, maana hii hujawahi kuisikia. Mtu hawezi kusimulia asichokijua, na mimi nimeijua jana.

Ulikuwa na miaka miwili. Nilikuwa nafanya kazi katika labo moja hapa Likasi iliyokuwa ikipimia mawe ya watafuta madini, na ambayo leo haipo tena. Mawe yalitoka kila pembe ya nchi, katika mifuko ya kitambaa yenye namba. Kazi yangu haikuwa kupima. Mimi nilikuwa mwanamke wa kinu. Napokea mfuko, nakausha, naponda, nasaga mpaka iwe unga kama wa muhogo, natia kidogo katika bahasha, nampelekea yule wa mashine ya kupimia. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika chumba kile na nilijisikia sana. Nilikuwa natoka kazini na vumbi kwenye nyusi na sijifuti, ili watu wa mtaa wa Panda waone.

Kinu kile kilikuwa na sheria moja. Baada ya kila sampuli unapuliza kwa upepo wa bomba, unapitisha brashi, halafu unasaga konzi mbili za mchanga mweupe safi, unaumwaga, unapuliza tena. Ndipo unatia sampuli nyingine. Bila hivyo jiwe la kwanza linabaki kwenye sahani za chuma na kuingia katika jiwe la pili. Chef wetu, mkuu wa labo, mzee mpole kutoka Kasai, aliturudia kila Jumatatu: "Machine haisahau. Ni weye njo unasahau." Nilikuwa nikimwiga sauti yake nyuma ya mgongo wake, wenzangu wanaanguka kwa kicheko.

Na Banza. Wewe umemjua kwa picha ile ya ukutani tu, amekaza uso kama askari. Hakuwa hivyo. Mpiga picha alimwambia asicheke. Ndugu yangu alikuwa mtu wa kelele, akiingia nyumbani kuku wanakimbia. Alikuwa akienda ziwani kwa baiskeli kuleta samaki, mpaka alipokuta kwenye kilima kimoja upande ule mawe ya kijani, malachite, karibu sana na juu, unayakwangua kwa koleo. Akaacha samaki. Alichimba mashimo mafupi, ya kiunoni tu, na shaba yake ikamtosha. Mke alikuwa hana bado, alikuwa na wewe. Alikubeba mabegani mpaka shingo ikamuuma, akaanza kutembea amepinda, na nkambo akamfunga kitambaa cha maji moto.

Siku moja alinifuata labo saa ya kula, amebeba mkebe wa maziwa ya unga umejaa mchanga.

"Yaya," akasema, jinsi alivyoniita mimi dada yake mkubwa, "unipimie hii. Iko nzito, inaangaza. Kama ni kobalti, nijue."

Ilikuwa haramu. Sampuli isiyo na namba haiingii. Lakini nilipenda sana aone jinsi dada yake anavyoendesha chumba. Chef alikuwa ameenda kula. Mtunza bohari naye alikuwa ameenda, na ufunguo mfukoni. Nilipofika kwenye kinu nikainama kuchota mchanga mweupe, ndoo ilikuwa tupu.

Naona ile ndoo, Ngoie. Tangu jana naiona kuliko ninavyoiona hii meza. Ilikuwa ya bati, na chini yake palibaki chengachenga tu. Asubuhi ile nilikuwa nimesaga mifuko sita ya Kivu, vile vipande vyeusi vilivyochambuliwa kimoja kimoja, na nilikuwa nimepuliza, lakini mchanga wa kusafishia wa baada ya mfuko wa mwisho nilikuwa sijaupitisha. Nilikuwa nimejiambia nitaupitisha baada ya chakula. Banza alikuwa amesimama mlangoni na mkebe wake, ananichekea. Nikafuta zile sahani kwa kitambaa. Nikasema moyoni, ah, huyu anatafuta kobalti tu, kobalti itaonekana.

Nikasaga.

Siku tatu baadaye yule kijana wa mashine ya kupimia aliniletea karatasi. Aliisoma, akakuna kichwa.

"Hii njo ya Kivu?" akauliza.

"Hapana. Ni ya ku Tshangalele."

"Bya kweli? Iko na niobi."

"Njo ujue sasa," nikamjibu, "ku Tshangalele kuko kila kintu." Nikacheka, akacheka, akaenda zake.

Hapo ndipo ninaponasa, mwanangu. Yule kijana aliniuliza. Swali lilikuwa lilelile la nkambo la jana, na lilikuwa wazi mbele yangu kama mlango. Ningesema tu, "Ngoja, nisage tena." Mkebe ulikuwa bado nusu, chini ya meza yangu. Kazi ya nusu saa. Jana usiku sikulala nikijiuliza kama nilijua nikajifanya sijui. Nimejichunguza kama ninavyochambua mchele, na jibu langu ni hili, nakupa jinsi lilivyo: sikujua, lakini sikutaka kujua. Ndugu yangu alikuwa amepata kitu ambacho wakubwa walikuwa wanakitafuta Kivu kwa ndege, na mimi ndiye niliyekitoa katika kinu. Nani angerudia kupima furaha kama ile?

Niliimba njiani. Nilipomkabidhi karatasi alinibeba juu, mimi na unene wangu, akanizungusha uani na nkambo akapiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Tangu siku ile aliyaacha mawe ya kijani. Kuna mtu alimwambia kwamba niobi hutoka chini sana, kwa hiyo akashuka. Shimo la kiunoni likawa la kichwani, kisha la ngazi, kisha la kamba. Kila Jumapili baada ya misa alipita hapa, nami nikamuuliza, "Umeona?" Akasema, "Bado, yaya, lakini iko. Karatasi haidanganye." Nami nikasema, "Haidanganyi." Nilimwambia hivyo, kwa kinywa hiki. Wenzake walimkataza, udongo wa kule wakati wa mvua unakuwa kama uji. Aliwajibu kwamba dada yake anafanya kazi labo.

Mvua ya pili ya mwaka ule shimo liliporomoka likamfunga. Walimtoa siku ya tatu. Hayo unayajua, umesimuliwa. Lakini ulivyosimuliwa ni kwamba tonton Banza alikufa amekalia niobi yake, kwamba ilibaki hatua moja tu aifikie. Hadithi hiyo niliitunga mimi, kwenye matanga, nkambo alipokuwa hataki kula. Nilimwambia, "Mama, kula. Mwanao hakufa maskini. Iko pale pale chini yake." Akala. Kwa hiyo nikaendelea kuisema. Imemlisha miaka kumi na minane, nawe imekulea, na ile karatasi nkambo ameifunga kwenye plastiki akaiweka sandukuni na kitenge chake cha kuzikiwa.

Unakumbuka nilivyokupiga kofi siku ile? Ulikuwa na miaka tisa. Uliniuliza tukiwa tunamenya karanga: "Kama niobi ilikuwa chini yake, kwa nini wengine hawakuchimba wakaona?" Nikakuzaba. Nilisema unamkosea marehemu heshima. Ulilia, nkambo akanigombeza, nami nikakununulia mkate wa mviringo wenye sukari na mambo yakaisha. Hayakuisha. Mtoto wa miaka tisa aliuliza swali la maana, akajibiwa kwa kofi. Nimekuwa nikijisifu kwamba nimekulea uulize maswali. Si mimi. Umeuliza ingawa nilikuwepo.

Leo asubuhi, ulipokwenda kwa fundi viatu, nilifungua sanduku la nkambo nikaitoa ile karatasi. Nilikuwa sijaisoma tangu zamani zile. Nani alikuwa anasoma? Tulikuwa tunaishika tu, kama rozari. Niobi iko. Na kando yake kuna vitu viwili vingine ambavyo vilikuwa vinatoka pamoja nayo katika mawe ya Kivu, kila mara, mpaka yule kijana alikuwa anaviita wapwa wa niobi. Katika mchanga wa huku sikuwahi kuviona hata siku moja. Viko pale vimeandikwa, miaka yote hii, mstari wa nne na wa tano. Nilikaa kitandani kwa nkambo na karatasi magotini, nikaipitia mistari ile miwili kwa kidole.

Ninashangaa, Ngoie. Sina neno lingine. Nimezoea kulia, nimezoea kukasirika, hivyo najua mahali pa kuviweka. Hili sijui niliweke wapi. Nilipokuwa nateka maji saa nne nilishtukia ndoo imejaa zamani na maji yananipita miguuni, na jirani ananiita mara ya tatu. Kila nikitulia naambiwa upya, kana kwamba ni habari ya sasa hivi: ni wewe. Si mvua wala si kilima. Ni konzi mbili za mchanga mweupe.

Unaweza kuniambia sina hakika. Kweli, siwezi kuapa. Labo imefungwa, chef amefariki, kijana wa mashine sijui aliko. Labda wewe na profesa wako mtakuja kupata sababu nyingine. Lakini mimi nilikuwepo, na mkono unakumbuka. Sitaki uje kuniokoa kwa maneno ya kitabu. Nakujua, utajaribu.

Ninachotaka ni kimoja. Usishuke mle. Hakuna kitu. Hao vijana wameufungua udongo uleule uliomfunga mjomba wako, nawe unataka kwenda na kamba ya kuazima kutafuta unga uliotoka Kivu kwenye mfuko wa kitambaa. Kama ningenyamaza, ningekusindikiza kesho kituoni, nikakupungia mkono, na Noeli ningekusikia unaniambia, "Nimeshuka, mama," au nisingekusikia kabisa. Nilipoliwaza hilo jana jioni, nikiosha vyombo, nilivunja sahani mbili. Ulidhani ni huzuni ya safari.

Na usije ukaiacha jiolojia kwa ajili yangu. Nimekuona unavyokiangalia kile kitabu. Ulidhani unakwenda kumalizia kazi ya tonton. Wewe hukuona kwamba umeimaliza jana, umekaa, na mchuzi kidoleni. Uliangalia jiwe, ukauliza nyumba yake iko wapi, ukaona kwamba haliwezi kuwa limezaliwa hapa. Mimi niliyelisaga sikuuliza. Siku moja na wewe utapata karatasi inayokufurahisha. Itakuwa siku nzuri, utakuwa umevaa vizuri, mtu unayempenda atakuwa amesimama mlangoni anakuchekea. Mimi siku yangu nilifuta kwa kitambaa. Sina zaidi ya kukuambia.

Niliacha kuandika hapa kwa muda. Nkambo alikuwa ameingia.

Alikaa kwenye kigoda na ungo wake wa maharagwe akaanza kuchambua. "Unaandika nini vile toka mchana?" akauliza. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kesho, baada ya basi lako kuondoka. Kisha nikawaza jinsi alivyopiga makofi jana. Nikamwambia sasa hivi, nimesimama, yote, tangu ndoo mpaka wapwa wa niobi. Sikumficha hata lile la matanga. Mikono yake haikuacha kuchambua. Akatoa jiwe, akatoa jingine, akayaweka kando.

"Kumbe hakukuwa kintu mule?"

"Hakukuwa kintu, mama."

"Hata kidogo?"

"Shaba tu. Ile ya juu."

"Basi alikufa bure."

"Ndiyo, mama."

Ungo ukashuka magotini. Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani, nisikufiche. Alitazama mlango. Kisha akasema, sauti ndogo, si ile yake ya kuita watu wa avenue:

"Hakutaka kuleta ile mukebe. Alisema, yaya eko na kazi yake, tusimutafutie mambo. Minye njo nilimusukuma. Nilimuambia, beba, ni dada yako, atakupimia."

Miaka kumi na minane, Ngoie. Tumelala vyumba viwili vyenye ukuta mmoja. Alikuwa nalo hilo peke yake, na kila nilipomsimulia hadithi yangu ya niobi iliyobaki hatua moja, alikuwa ananishukuru. Nilipiga magoti pale sakafuni, nikaweka kichwa kwenye ungo, maharagwe yakamwagika yote. Hakunishika kichwa. Aliyaacha maharagwe na mimi vilevile. Baadaye akauliza:

"Na mutoto anataka kushuka mule?"

"Noeli, mama."

"Andika," akasema. "Andika mbio, mbele ya yeye kurudi. Na uandike na yangu."

Nimeiandika.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako, si ndani. Nataka uisome hapa, nyumbani, mlango ukiwa wazi, ili ukitaka kupiga kelele upige, na ukitaka kuniuliza uniulize, leo sitakuzaba. Kesho kama hutaki nikufikishe kwenye basi, nkambo atakupeleka, ameshakubali. Mimi nitasimama hapa kizingitini na sitasema neno. Lakini kabla hujaondoka mwambie, yeye au mimi, kwamba hutashuka. Useme kwa sauti. Hilo tu ndilo ninaloliomba. Mengine sistahili kuyaomba, na wewe huna deni la kuyatoa.

Nawasikia mnakuja, wewe na wenzako. Mko kwenye kona ya fundi baiskeli, na kicheko chako kinawazidi wote, kama cha Banza. Tembeeni polepole. Cheka kidogo tena, mwanangu, kabla hujaingia.

Mama yako